Mwalimu Kuo na Kanda ya Kumi na Mbili

Mwalimu Kuo Li-hsueh anastaafu tarehe 31 Julai baada ya kulitumikia kwa miaka thelathini na minne banda lile la nyuma ya bweni la wasichana la chuo chetu cha ualimu, ambalo kwenye barua rasmi huitwa Kituo cha Vifaa vya Kufundishia. Mimi, fundi wake wa mitambo, nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu nimekaa naye kuliko mtu mwingine yeyote, ukimtoa mumewe, Bwana Teng, ambaye alikataa akisema atakuwa na upendeleo.

Alitujia kutoka Tainan, kusini mwa Taiwan, akiwa bibi harusi wa mwaka mmoja, katika kitongoji hiki cha nje ya Hsinchu ambako hata muuza tofu laini ya soya anakusalimu kwa Kihakka, lugha ya wenyeji wa bonde hili. Yeye hakujua neno. Alijua kazi. Kabla yake, shule za jirani zikitaka ramani au hadubini ziliandika barua, zikangoja, zikasahau. Mwalimu Kuo alinunua pikipiki akaanza kuzipelekea mwenyewe. Wakongwe mnakumbuka alivyobeba kiunzi cha mifupa cha plastiki kwenye kiti cha nyuma, akakivisha kofia ngumu na koti la mvua. Askari wa barabarani alimsimamisha, akakitazama, akasema, "Dada, huyo mgonjwa wako umemchelewesha." Wakacheka mpaka foleni ikaanza kupiga honi.

Ndiye aliyejenga chumba cha kusikilizia, chenye viti vya darasa zima na hedifoni kwa kila kiti. Ndiye aliyezifundisha shule zote za bondeni kuazimana vifaa badala ya kuvifungia kabatini. Lakini najua mnachongoja. Hakuna anayemtaja Mwalimu Kuo pasipo kuitaja kanda ya kumi na mbili, nami nilikuwepo. Nitasema nilichokiona.

Ulikuwa mwaka ule shule zilipoagizwa kufundisha lugha za nyumbani. Vitabu vilikuwepo, sauti hazikuwepo. Mwalimu Kuo akamtafuta Bibi Fan Yin-mei, mjane aliyeishi juu ya karakana ya matairi ya mwanawe, aliyezungumza Kihakka cha bonde letu kama kilivyozungumzwa kabla ya barabara kuu. Kila wiki bibi alikuja na themosi yake ya chai, akakaa mbele ya kipaza sauti, akasoma somo moja. Alirekodi kumi na moja. Somo la kumi na mbili lilikuwa la kuitana kwa chakula cha jioni, na hilo alisema hatalisoma kitabuni, atalisema kama alivyokuwa akilisema mlangoni kwake. Wiki hiyo hakuja. Alikuwa ameanguka jikoni, akafa bila kuamka.

Tulimzika. Nikazifunga kanda ndani ya sanduku, na kwa kuwa sanduku lilikuwa na nafasi kumi na mbili, nikaitia na ile tupu isikae ovyo. Sanduku likaenda shule ya msingi ya chuo.

Baada ya siku kadhaa Mwalimu Chuang wa darasa la tatu alipita kituoni kurudisha tufe. "Asante kwa kanda," akamwambia Mwalimu Kuo. "Hasa ile ya mwisho. Watoto wameishika upesi ajabu."

"Ya mwisho ipi?"

"Ya kuitana chakula. Ya kumi na mbili."

Mwalimu Kuo alinitazama. Mimi niliutazama mkono wangu, ambao ndio uliokuwa umeitia kanda ile sandukuni.

Kesho yake darasa lilikuja chumbani kwetu, alasiri, mara tu baada ya usingizi wa mchana, watoto wakiwa bado na alama za mikono mashavuni. Niliweka kanda. Kwenye spika yangu ya mezani palitoka mvumo tu, kama mchele unaomwagwa sakafuni bila kwisha. Watoto walivaa hedifoni, wakatulia. Kisha midomo yao ikaanza kwenda. Wote pamoja, neno kwa neno, kwa Kihakka, na kwa ile lafudhi ya kuvuta mwisho wa maneno ambayo sikupata kuisikia kwa mtu mwingine isipokuwa Bibi Fan.

Mwalimu Kuo alimwendea msichana wa kiti cha mbele, Jo-yun, akamvua hedifoni polepole, akaivaa yeye. Mtoto akanyamaza. Uso wa Mwalimu Kuo haukubadilika, alisikia mvumo. Alipomrudishia, mtoto akaanzia pale wenzake walipofika, katikati ya neno, bila kukosea.

"Anasema nini, mwanangu?"

"Anaita watu waje kula, Mwalimu. Mvua inakuja, kuku waingizwe." Jo-yun alikunja uso. "Halafu anamwita mtu. Halafu ananyamaza."

Niliifungua kanda ile kwa bisibisi, nikaikagua, nikaifunga. Ilikuwa tupu. Kitongoji hakikungoja maelezo yangu. Jioni hiyo wazazi walijaa langoni. Wengine walileta ubani. Mwalimu Mkuu akaagiza kanda ichomwe, na kwa kuwa marehemu alikuwa na mwana, akaitwa Fan Kuang-ting, mwenye karakana, atoe ridhaa.

Alikuja na grisi mikononi. "Mwalimu, mama yangu nimemzika mimi," alisema. "Choma hicho kitu. Watu wananiuliza dukani kama mama amehamia kwenye redio."

"Nitakichoma, kaka. Kwanza keti usikilize."

"Nisikilize nini? Mimi Kihakka sizungumzi."

Sote tulijua kwa nini. Alipokuwa mtoto, shule ilimtundika kibao shingoni kwa kosa la kuzungumza lugha ya kwao, akazungushwa nacho madarasa yote. Tangu siku hiyo mama yake alimsemesha kwa Kihakka, naye akamjibu kwa Kichina cha shule, meza moja, miaka yote, mpaka mauti yakawatenganisha.

Darasa likaletwa tena, naye akaketi nyuma ya watoto. Alivaa hedifoni, akasikia mvumo, akataka kuivua. Lakini midomo ya watoto ilikuwa imeanza, na mkono wake ukabaki hewani. Walipofika mahali pao pa kunyamaza, Jo-yun aligeuka.

"Hapo ndipo anapomwita, Mjomba. Anamwita Mavi ya Nguruwe."

Watoto walicheka. Mwalimu Kuo naye alitaka kucheka, maana alijua ni aina ya majina ambayo wazee huwapa watoto wagonjwa ili mauti yawapuuze. Kisha akamwona Kuang-ting. Lilikuwa jina lake la utotoni, na hakuna aliyekuwa hai aliyelijua ila yeye.

"Halafu anasema nini?" Kuang-ting aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Hasemi. Anangoja. Kila mara anangoja, halafu anaita tena." Jo-yun akamtazama Mwalimu Kuo. "Sisi hatujui kuitikia. Kitabuni hamna."

Mvumo ule wa mchele uliendelea kumwagika kwenye spika yangu.  Watoto wote walikuwa wametulia wakisikiliza, vichwa vimeelekea upande mmoja, upande wa mlango.

Kuang-ting aliinuka akaugeukia mlango. Kisha akasema, kwa Kihakka cha mtoto mdogo, kwa kuwa hakuwa na kingine: "Nipo, Mama. Nakuja."

Jo-yun alivua hedifoni. Kisha jirani yake, kisha wengine, mmoja mmoja, bila kuambiwa.

"Imekwisha," alisema.

Tangu saa ile kanda imetoa mvumo kwa kila mtu. Mwalimu Kuo hakuichoma. Alimwambia Mwalimu Mkuu kwamba vifaa vya kituo huchakaa, haviuawi. Wiki iliyofuata alirekodi somo upya: watoto wanaita, Kuang-ting anaitikia. Ndilo linalotumika shuleni kwenu hadi leo, na sasa mnajua kwa nini mtu mzima yule anaitikia kama mtoto.

Niliwahi kumuuliza kama aliogopa. Alisema sauti haikumtisha. Kilichomtisha ni kwamba aliketi katika chumba alichokijenga kwa mikono yake, akawa kiziwi peke yake, asiyeelewa Kihakka. Muhula ule ule akajiandikisha darasa la jioni la Kihakka, mkufunzi akiwa Kuang-ting, aliyekisikia mezani kwa mama yake maisha yote, na wiki jana alituaga kwa lugha hiyo, hotuba nzima, Kuang-ting akimrekebisha neno moja tu kutoka safu ya nyuma.

Mwalimu Kuo, chuo kinakushukuru, na mabonde yote uliyoyapita kwa pikipiki yanakushukuru. Mungu na mizimu ya huku wakupe afya, usingizi mwororo wa mchana, na siku nyingi zisizo na kengele. Kwaheri, dada yetu, uishi vyema.