Bunduki ya Bega la Kushoto

Aliyenisimulia kwanza habari hii ni shangazi yangu, juma lilelile tulipomzika babu, seremala na mwindaji wa kanga. Alikuwa kando ya kitanda babu aliposema, na maneno yake aliyarudia hivi, bila kuongeza lake:

“Sikilizeni wanangu, na wewe kitindamimba acha kuchezea kiberiti, maana pumzi niliyobaki nayo inatosha kusema mara moja tu. Nyumba ni ya mama yenu mpaka atakapofumba macho. Hilo halina mjadala. Karakana, randa, misumeno na tupa zote ni za binti yangu, kwa kuwa ndiye aliyelivumilia vumbi lake. Bunduki ya marisau, ile ya chembe za risasi, ni ya kaka yenu mkubwa.

Naona mnatazamana. Mnasema moyoni, homa imempanda mzee kichwani, anampa bunduki mtu ambaye kanga wakimwona hawajisumbui kuruka. Kitindamimba, wewe ndiye uliyembandika jina la Kelele, siku ile ukingoni mwa shamba, alipofyatua mara mbili akaambulia majani, na dada yake akamwangusha ndege yuleyule. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Tangu hapo hawa wawili hawaombani hata chumvi, na mimi siendi kaburini nikiwaacha hivyo. Sitaki.

Jana, mwanangu mkubwa, uliingia humu umefura, ukaninyooshea kidole usoni: ‘Wewe mzee, huyu dada umempendelea siku zote!’ Mama yako akashika kinywa. Mimi nikacheka, mkadhani nimerukwa na akili. Nilicheka kwa sababu nilikiona kidole chenyewe. Mtu akinyoosha kidole macho yote mawili yakiwa wazi, kidole husimama mbele ya lile jicho linaloongoza jingine. Chako kilisimama mbele ya jicho la kushoto. Kumbe miaka yote umeweka kitako cha bunduki bega la kulia, kama sisi wengine, na jicho la kushoto likawa linauvuta mtutu pembeni. Hukuwa mzembe. Bega ndilo halikuwa lako.

Basi hamia kushoto. Utajiona kama mtu anayejifunza kula upya, vumilia. Usiinamishe kichwa kukifuata kitako, kitako ndicho kije shavuni. Usitazame ncha ya mtutu. Mtazame ndege, tena mmoja, kichwa chake, kwa maana anayelilenga kundi hupiga hewa iliyo kati yao. Mtutu uanzie nyuma yake, umpite, ndipo ufyatue, na mikono iendelee kwenda hata baada ya mlio, kwani wengi husimama hapo na ndege akaenda zake. Akiwa mbali mwache. Sitaki kanga akafie vichakani na jeraha kwa sababu ya sifa zako. Na kabla ya ndege yeyote, piga karatasi kubwa, uone marisau yanatua wapi.

Lakini kitako kile nilikipinda kwa ajili ya shavu la kulia. Kushoto kitakuumiza. Lazima kichongwe upya, na tupa nimekwisha kumpa nani? Umeona sasa. Utakwenda karakana, utasema, ‘Dada, nipime.’ Nawe binti, usiiguse mbao ile kabla hajakuomba. Akikuomba, usimsimamishe mlangoni, wala usimcheke. Kibali cha bunduki kaandikisheni polisi kwa jina la kaka yenu kwanza.

Fungueni hilo dirisha... Ileteni. Ifungueni, nione matundu yake ya risasi hayana kitu. Mdomo ukutani. Kushoto, nimesema. Binti, mwinulie kiwiko... si hivyo, juu kidogo... hapo. Hapo hapo. Mungu awaweke... mkisemeshana. Msiushushe bado... niangalie.”

Hakusema tena. Shangazi anasema mkono wake ulikaa chini ya kiwiko cha kaka yake mpaka bibi alipowaambia waishushe.

Kitako kilichongwa upya kabla ya mvua. Bibi alimfuata babu. Baba yangu, ambaye ndiye kitindamimba, naye hayupo, na jina la Kelele aliondoka nalo. Walio hai ni shangazi na baba mkubwa; asubuhi hii nimewaona wakielekea ukingoni mwa shamba, bunduki ikiwa imefunguliwa mkononi mwa baba mkubwa, wakibishana njia nzima.