Bima Iliyowekwa Akiba

Mkaguzi mstaafu wa shule alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti cha basi cha watu watatu, akijitahidi kusoma gazeti lake asisikie ya watu. Lakini fundi bomba aliyeketi katikati alijaliwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara.

“Dada, mkono huo umevimba mpaka kiwiko! Kadi ya bima hii mpya ya afya huna?”

“Ninayo,” akajibu fundi cherehani aliyekaa dirishani, akiufunika mkono kwa mtandio. “Sindano ya cherehani tu ilinichoma kidole. Kadi ni ya nyumba nzima, naitunza. Mama mkwe atapasuliwa jicho mwezi ujao. Nikiimaliza kwa kidole, nitamtazama kwa uso gani?”

“Haiishi hivyo! Kwani hiyo ni vocha ya simu?”

“Ya kaka yangu ilikataliwa mapokezi.”

“Labda hakuwa amejiandikisha.”

“Labda!” Mwanamke akamgeukia. “Na hiyo labda yako ikikosea, utakwenda wewe kumwambia mama mkwe abaki na giza lake?”

Fundi bomba akamgeukia mkaguzi, kana kwamba jibu limo gazetini. Mkaguzi naye, aliyesahihisha watu maisha yake yote, akatambua kwamba matangazo ya bima ameyasoma yote, na jibu la swali hilo hana.

Basi likasimama. “Wa hospitali!” akaita kondakta.

Mkaguzi akakunja gazeti, akasimama kumpisha mwanamke, ambaye bado hakuwa ameinuka.