Mama Darubini na Bata Mia Mbili na Kumi na Wanne

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba, Mama Darubini anastaafu baada ya kuitumikia bustani hii ya jiji kwa miaka thelathini na miwili na miezi minane. Jina lake kamili limo kwenye barua ya ajira ninayoitunza mimi, karani wa masjala, lakini ukiliulizia getini utaambiwa hakuna mtu huyo.

Aliajiriwa kufagia njia. Mwaka wa tatu, mkuu wa bustani wa wakati ule alimkuta ameegemea ufagio, macho kwenye bwawa la mashariki, saa za kazi. Alikwenda kumkaripia, akarudi ofisini na habari kwamba wale bata wa kijivu si wa hapa, wamekuja kukimbia baridi ya mbali, na kwamba mfagiaji anajua kila kundi lilitua siku gani. Wiki hiyohiyo akakabidhiwa darubini na kazi ya kuhesabu ndege wahamiaji kila asubuhi, kuanzia Novemba hadi Machi. Ufagio hakuuacha.

Alihesabu kwa kokoto. Kila bata kumi, kokoto moja ilihama kutoka mfuko wa kulia wa koti kwenda wa kushoto. Kuna mwaka hesabu ilishuka ghafla kutoka bata mia nne hadi tisini. Ofisi ilitaharuki, mtaalamu wa maji akaja na mabuti na chupa zake, akapima bwawa siku mbili akitafuta sumu. Siku ya tatu mume wa Mama Darubini aligundua kwamba mfuko wa kushoto umetoboka na kokoto zilikuwa zikidondoka majanini. Mume huyo ni fundi cherehani aliyeshonea nusu ya mtaa wao, kwa hiyo mnaweza kufikiria alivyotaniwa. Mama Darubini aliandika barua ya kukiri kosa na kuibandika mwenyewe kwenye ubao wa matangazo. Tulicheka mwezi mzima, naye alicheka nasi.

Ya mwaka huu hayakutuchekesha.

Wengi mnajua kwamba jiji lilipanga kulifukia bwawa la mashariki lipate maegesho ya magari. Bata wamepungua miaka ya karibuni, na masharti yalikuwa wazi: wakifika mia mbili, bwawa linabaki. Januari Mama Darubini alihesabu mia mbili na kumi na wanne. Nilipiga chapa taarifa hiyo kwa furaha, mkuu akatia sahihi, tukasubiri kikao cha jiji cha Februari.

Siku nne kabla ya kikao alikuja masjala kutoka kliniki ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, na daktari alimwambia huenda limekuwa hivyo tangu mwaka jana. Aliomba nimpe taarifa ile aifute.

Naandika haya kwa aibu. Nilifunga mlango nikamwambia, "Mama, nyamaza tu. Bata hawana vitambulisho, nani atakwenda kuwauliza?"

"Mimi nitajiuliza," alisema. "Sikuwaona sawasawa, mwanangu. Siwezi kuwaapia."

Aliifuta mbele yangu kwa kalamu nyekundu, ingawa bwawa lile analipenda kuliko sisi sote. Mkuu aliamuru hesabu mpya. Watu wawili walihesabu kwa asubuhi tatu, yeye akiwa ameketi kando yao bila kuwaingilia. Walipata mia moja na themanini na saba. Siku hiyo hakuna aliyemsalimia kwenye chumba cha chai, hata mimi sikumsalimia. Nakuomba radhi, Mama.

Kikaoni mwenyekiti aliinua karatasi yenye wino mwekundu. Alisema amesoma taarifa nyingi za idara nyingi, na hii ndiyo ya kwanza kuona imefutwa na aliyeiandika. Kisha akasema hesabu za bustani hii anaziamini, na kwa imani hiyo bwawa limepewa misimu miwili zaidi. Wasipofika mia mbili katika misimu hiyo, litafukiwa.

Asante kwa njia safi, kwa vijana uliowafundisha kunyamaza ukingoni, na kwa kutuvumilia. Fundi anakusubiri nyumbani, na upasuaji wa jicho umepangwa wiki ijayo. Upone vizuri, upumzike, na siku zako zilizobaki ziwe na utulivu na afya tele.

Mkuu ameniteua mimi kuhesabu bata. Nilikataa, akasema wewe ndiye uliyenipendekeza. Jumatatu alfajiri nitakuwa bwawani. Wakiwa mia moja na tisini na tisa, Mama, nitaandika mia moja na tisini na tisa.