Mma Galeboe Xhaudi, Aliyewapiga Picha Korongo wa Seronga

Marehemu Galeboe alizaliwa hapa Seronga tarehe 3 Mei 1957, kifungua mimba wa Rra Samotse Dihutso, mvuvi, na Mma Kelapile. Watoto wenzake walipokuwa wakiwarushia bata mawe, yeye alilala kifudifudi kwenye matete akiwatazama, mpaka gauni likalowa tope. Mama yake alimchapa kwa ajili ya magauni hayo zaidi ya mara moja, bila mafanikio.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha akaenda sekondari Maun. Baba yao alipofariki mwaka 1974, aliacha masomo ili mdogo wake wa pekee, Molatlhegi, aendelee. Alimlisha na kumshonea nguo kwa mkono wake.

Mwaka 1977 aliajiriwa kwenye studio ya picha mjini Maun. Alianza kwa kufagia, akahamia chumba cha giza cha kusafishia filamu, na hatimaye akapewa kamera. Ada ya picha za pasipoti na za arusi ilimlisha, lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege wa majini, hasa korongo wenye ndevu, ambao husikia kikohozi cha mtu kabla mtu hajakohoa. Kompyuta zilipokuja alijifunza kuhariri picha akiwa na miaka arobaini na mitano. Aliongeza mwanga palipo giza, basi. Mteja mmoja alimwambia, "Mma, ondoa hilo jani lililomkata ndege shingo." Akamjibu, "Nikiondoa jani, ndege wako atajificha wapi?"

Aliolewa na Rra Tshenolo Xhaudi, mpiga pondo, yaani msukuma mtumbwi kwa mti mrefu, tarehe 17 Desemba 1983. Siku ya kwanza kumpakia kwenye mtumbwi, Rra Tshenolo aliimba, na ndege wote wakaruka. Galeboe alimwambia, "Rra, ukitaka kunioa, nyamaza." Akanyamaza. Wamejaliwa watoto watatu.

Jambo linalofuata limeandikwa kwa ombi la Molatlhegi mwenyewe, aliyesema dada yake asizikwe na siri ya mdogo wake.

Asubuhi ya Jumatatu, 12 Septemba 2011, marehemu alikuwa katika siku ya tatu ndani ya kibanda cha matete, akiwasubiri korongo wawili na kifaranga wao mmoja. Ghafla wale wakubwa waliruka kwa kelele. Alibonyeza kamera mfululizo, kisha akarudi nyumbani akijilaumu kuwa yeye ndiye aliyewatisha.

Adhuhuri alikaa mbele ya kompyuta yake ya mpakato. Upande wa kushoto wa picha ulikuwa mweusi, akauongezea mwanga kidogo, kisha kidogo tena. Katikati ya matete akatokea mtu aliyeinama, na kwenye mkono wake shingo ya kifaranga. Uso haukuonekana. Lakini koti lilikuwa na kiraka cha bluu begani, na kiraka hicho alikishona yeye.

Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Molatlhegi, kompyuta kwapani.

"Karibu, dada. Mbona unahema hivyo?"

"Kifaranga yuko wapi?"

"Kifaranga gani tena? Hapa pana kuku tu."

Aliiweka kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua picha. Molatlhegi aligusa ukingo wa picha kwa kidole.

"Ikate hapo pembeni," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ni fundi. Ukikata hapo, mimi sipo."

"Nimekata picha nyingi, Molatlhegi. Hii sijui pa kupitisha mkasi."

"Mnunuzi anakuja kesho. Nina watoto, dada."

"Na wale korongo wana mmoja tu. Leo tunamrudisha. Kesho utakwenda mwenyewe kwa Kgosi, au nitaipeleka picha mimi."

Kifaranga alikuwa ndani ya boksi, chini ya kitanda, bado hai. Rra Tshenolo aliwapeleka dada na mdogo wake kwa mtumbwi, boksi likiwa kati yao. Walimweka kifaranga kwenye majani, wakarudi nyuma, wakajilaza ndani ya mtumbwi. Jua lilisogea. Kifaranga alilia, akanyamaza, akalala. Molatlhegi alianza kuinuka. "Amekufa," alinong'ona. Dada yake alimshika mkono, akaubana asisogee. Kamera ilikuwa kando yake, lakini aliogopa hata mlio wake mdogo, akaiacha ndani ya mfuko.

Jua likikaribia kuzama, korongo mmoja alitua mbali. Alisimama. Alitembea hatua tatu, akasimama tena. Wa pili alitua nyuma yake. Kisha majani yakatikisika, na kifaranga akainua kichwa.

Molatlhegi alikwenda kwa Kgosi, mkuu wa kijiji, kesho yake, akafungwa miezi minane. Alipotoka hakumsalimia dada yake kwa miaka miwili, na marehemu aliumia sana, ingawa kila Jumapili alipeleka chakula kwa watoto wa Molatlhegi. Siku moja mwaka 2014 marehemu alimkuta Molatlhegi mlangoni, ameshika pondo. "Korongo wameonekana," alisema. "Twende?" Tangu hapo walikwenda pamoja.

Machi 2021 marehemu aligundulika na ugonjwa wa moyo. Alitibiwa Maun, akienda hospitali na kurudi kwa mwaka mzima, na alifariki huko alfajiri ya Jumapili, 19 Juni 2022, mumewe akiwa pembeni.

Picha iliyo kwenye jalada la ratiba hii ya mazishi ilipigwa na Molatlhegi, mwezi mmoja kabla. Haijatulia, na nywele zimemfunika jicho moja. Tulitaka kuirekebisha. Marehemu alisema, "Iacheni. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, na mimi nilikuwa nacheka. Ndivyo ilivyokuwa."

Ameacha mume, Rra Tshenolo, watoto, Onthatile, Gofaone na Resego, wajukuu saba, na mdogo wake, Molatlhegi.

Lala kwa amani, Mma Galeboe, na maji yatulie juu yako.