Asajile, Fundi wa Pikapu za Sakafu Mbili

Marehemu Asajile alizaliwa Ipinda tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa mzee Eliud, mkulima wa mpunga. Alimaliza darasa la saba hapo hapo mwaka 1984. Hesabu hazikumpenda. Akili za mikono alizichota kwa baba yake mdogo Andongwisye, anayeyasoma haya, na asiyeamini aulize Ipinda nzima.

Alijifunza kuchomelea vyuma Mbeya, na mwaka 1994 akafungua karakana Kasumulu, mpakani na Malawi. Mwaka uliofuata alifunga ndoa Matema na Neli, binti wa wafinyanzi wa Lyulilo. Vyungu vya ukweni vilikuwa vikivunjikia njiani, basi akabuni pikapu ya sakafu mbili: vyungu vingine juu, vingine chini kwenye majani ya mpunga, pembeni kumezibwa bati. Wachuuzi wakampangia foleni.

Mwaka 2023 ikaja sheria mpya: ukitengeneza maficho ndani ya gari huku ukishuku yatatumika kwa uhalifu mkubwa, ni jela. Pikapu zake zikaanza kuzuiwa mpakani, wateja wakakauka.

"Baba Lucy, si unafunika vyungu tu?" Neli alimwambia.

"Mimi najua ni vyungu. Askari anaona bati."

Wiki hiyo hiyo, karakana ikiwa haina kazi hata moja, mgeni akaja akitaka sakafu iliyozibwa pande zote.

"Utabeba nini?"

"Fundi, kwani wewe ni forodha?"

"Hapana. Ndiyo maana nauliza kabla yao."

Mgeni akaondoka na hela zake. Asajile akakata mabati ya pikapu zote, akaweka nondo, anayetaka kuchungulia achungulie. Mama Janeth, mchuuzi wa vyungu, alikuja juu: "Umenijengea banda la kuku!" Na kweli, kuku alitaga humo. Lakini askari walichungulia, wakaona vyungu, wakasema pita. Wateja walirudi, ingawa si wote.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2024. Kitandani alimwuliza binti yake Lucy, aliyeshika karakana, swali lile lile kila jioni:

"Hujaziba?"

"Sijaziba, baba."

Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025. Ameacha mjane, Neli, watoto Lucy na Ezekiel, na wajukuu wanne. Karakana itafunguliwa tukimaliza matanga.

Ndaga fijo, asante sana, mwanetu. Bwana akulaze palipo na utulivu.