Professora Zubaida na Mguu wa Tomás

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha biolojia katika sekondari yetu ya Olumbi, Professora Zubaida Selemane anastaafu tarehe 31 Julai. Waliosoma kwake wametawanyika kila mahali, na wote wanalikumbuka somo moja: jinsi seli za neva zinavyopashana habari.

Picha ya kitabuni haikumridhisha. Akawapanga wanafunzi uwanjani, kila mmoja seli, na baina yao akachora mianya kwa majivu. Mwanya huo ndio sinapsi, na ni marufuku kuukanyaga. Ndani ya seli habari hupita kama umeme, kwa hiyo mwanafunzi hutimua mbio. Akifika ukingoni, umeme hauvuki. Hapo hurusha ndimu, ndiyo kemikali, iangukie kapuni kwa mwenzake, naye aanze kukimbia. Mwisho wa msururu alisimama mlinzi wetu Tomás, aliyekubali kuwa msuli. Maadamu kapu lake lina ndimu, mguu uko juu.

Siku moja Samiha, mwanafunzi mwenye kazi ya kuondoa ndimu kapuni, aliumwa homa, na hakuna aliyekumbuka kumtafutia mbadala. Ndimu zikajaa, zikamwagika. Tomás akawa anarukaruka kwa mguu mmoja kulizunguka kapu, akilia, "Professora, msuli unachoka!" Hapo ndipo gari la inspetor Raimundo, mkaguzi wa shule, lilipoingia.

Inspetor alitazama, akaona ni mchezo mtupu, akatangaza kwamba mwalimu huyu atahamishiwa Pundanhar, mbali huko bara, wiki hiyo hiyo. Professora, ambaye mama yake alikuwa hoi kitandani hapa Olumbi, hata hivyo somo hakulikatiza.

"Na huyu mbona haachi kuruka?" akauliza inspetor.

"Kemikali haijaondolewa, senhor inspetor. Mwanya usiposafishwa, msuli haulegei. Baadhi ya sumu za kuulia wadudu huua watu hivyo hivyo."

Inspetor akavua koti, akapiga magoti, akaanza kuzoa ndimu kapuni. Tomás akashusha mguu, akaketi chini kwa kishindo. Wanafunzi wakashangilia. Inspetor akaomba somo lirudiwe tangu mwanzo, yeye akishika nafasi ya Samiha. Uhamisho haukutajwa tena, na mama akauguzwa na bintiye mpaka akapona.

Mwaka ule, kwenye mtihani wa taifa, darasa zima lilijibu vizuri swali la sinapsi, ila wachache waliandika kwamba neva hutoa limão, yaani ndimu. Professora anawatetea mpaka leo.

Asante, da Zubaida, kwa miaka yote uliyosimama mbele ya ubao. Mola akujaalie afya na utulivu. Ijumaa, baada ya swala, njoo shuleni na familia yako kwenye hafla ya kukuaga, ukae kiti cha mbele. Safari hii tutasimama sisi.