Mwalimu Norah Khavere na Watoto Walioitwa Wajinga

Ndugu waombolezaji, mimi ni Zedekiah, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake kabla hatujamsafirisha nyumbani.

Norah Khavere Andati alizaliwa tarehe 9 Machi 1943 huko Chavakali, akasoma hadi darasa la nane, akaja Nairobi mwaka 1961, na kuanzia 1966 alifundisha watoto wa nasari hapa Kaloleni. Aliolewa na Bwana Andati, fundi wa mitambo, mwaka 1967, wakajaliwa Javan mwaka 1969, na Annah mwaka 1973.

Mwaka 1975 alihudhuria mafunzo ya walimu wa nasari, akafundishwa kwamba akili ya mtoto hukua kwa hatua, na kwamba aliye mdogo huamini kile jicho linachoona. Jioni moja Bwana Andati alimimina chai ya kikombe kipana kwenye gilasi nyembamba, Javan akasema chai imeongezeka, naye baba akampiga.

"Mtoto wa mwalimu hajui chai ni ile ile?"

"Akili yake haijafika hapo, Baba Javan," Norah alimjibu. "Itafika. Huwezi kuivuta kwa kiboko."

Hakusikilizwa. Januari 1976 Javan alipelekwa kwa baba yake mkubwa kijijini ili anyooshwe, na mwezi wa Agosti surua ikamuua, mama yake akiwa bado safarini kumfuata.

Norah alirudi darasani, akakataa kabisa kushika kiboko, na mzazi yeyote aliyemwita mwanawe mjinga mbele yake alikalishwa chini akaelezwa, hata kama ni mzee wa kanisa.

Aliugua saratani ya titi mwaka 1984, akatutoka tarehe 17 Oktoba 1987. Siku zake za mwisho, shemeji yangu, ambaye ameniruhusu kuyasoma haya akiwa amesimama hapa, aliinama kitandani akamwambia, "Mama Javan, mtoto hakuwa mjinga."

Dada yangu akamjibu, "Nilijua. Nilitaka ulijue hilo akiwa hai."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, walimu wenzake, na majirani wa Kaloleni, hasa Mama Nerima, aliyempikia uji hadi aliposhindwa kumeza.

Norah, umechoka vya kutosha. Mungu akupe amani, upumzike.